Muhadhara wa Ramadhani: Kamari, Siri na Hatari ya Kujiua

Haya ni maandishi ya muhadhara uliotolewa baada ya sala ya Alasiri kwa wanajumuiya wetu wa Birmingham, katika kusubiri futari. Vichwa vidogo vimeongezwa kwa ajili ya wasomaji.

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na masahaba zake wote.

Ama baad. 

Mada yetu leo ni nzito. Tunazungumzia kamari, ambayo vijana huiita kubeti, na jinsi inavyoweza kumfikisha mtu kwenye ukingo wa kujitoa roho. Kwamba kamari ni haramu, hilo limesemwa mimbarini mara nyingi, na hakuna aliyeketi hapa asiyelijua. Lisilosemwa ni kwamba kamari inaua, na kwamba njia yake ya kuua inajulikana, ina vituo, na mtu anaweza kurudishwa kutoka katika kila kituo. Kusudio letu ni kuieleza njia hiyo, ili atakayemwona nduguye ameingia ndani yake ajue pa kumshika mkono.

Tuanze na Kitabu. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 29, waumini wanakatazwa kuliana mali zao kwa njia ya batili, na katika aya hiyo hiyo wanakatazwa kujiua, kisha aya inamalizia kwa kuutaja huruma wa Mwenyezi Mungu kwetu. Wafasiri wamelieleza katazo la pili kwa maana ya watu kuuana wao kwa wao, na pia kwa maana ya mtu kujiua mwenyewe. Mali ya batili, roho ya mtu, na rehema: mambo matatu ndani ya aya moja. Muhadhara wetu wote umo humo.

Kamari ya mishale na kamari ya simu

Waarabu wa zama za ujahilia walikuwa na kamari yao iliyoitwa maysir. Walichinja ngamia, wakamgawa mafungu, kisha wakachezesha mishale kumi: saba yenye mafungu na mitatu mitupu. Waliokosa hawakupata nyama, na juu ya hayo wao ndio waliolipa bei ya ngamia. Washindi mara nyingi waliwagawia maskini nyama ile na kujifakharisha kwa ukarimu. Ndiyo maana Surat Al-Baqara, aya ya 219, haikukana kwamba ndani yake mna manufaa kwa watu. Ilisema dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Na Surat Al-Maida, aya ya 90 na 91, ikataja matunda yake: uadui, chuki, na mtu kusahaulishwa Mola wake na sala yake.

Ngamia hakuchinjwa kila usiku. Simu hulala chini ya mto. Kanuni za nchi hii zilizoanza Oktoba 2021 zinataka mzunguko mmoja wa mchezo wa sloti wa mtandaoni usipungue sekunde 2.5. Tangu Aprili 2025 dau la juu kabisa la mzunguko mmoja ni pauni 5, na tangu Mei 2025 ni pauni 2 kwa vijana wa miaka 18 hadi 24. Mipaka hii iliwekwa ili kupunguza madhara. Hata hivyo tupige hesabu. Sekunde 2.5 ni mizunguko 24 kwa dakika, na kwa dau la pauni 5 ni pauni 120 zinazotupwa ulingoni ndani ya dakika moja. Si zote zinazopotea, kwani nyingine hurudi kama ushindi na kutupwa tena. Lakini kiasi hicho kinapita ujira wa zamu ya saa nane ya ghalani kwa kima cha chini cha mshahara.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la Wazungu tu. Tume ya Kamari inayosimamia biashara hii ina makao yake makuu hapa hapa Birmingham. Jina la kampuni ya kubashiri limewahi kukaa kifuani mwa jezi ya Aston Villa, na watoto wetu wameivaa. Vilabu vya Ligi Kuu vilikubaliana Aprili 2023 kuyaondoa majina hayo kifuani ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26. Na kule nyumbani, Julai 2017, Everton ilicheza na Gor Mahia mjini Dar es Salaam, Wayne Rooney akafunga bao, na kampuni iliyoileta timu ile ilikuwa ya kubashiri. Nchini Kenya biashara hii ilivimba kiasi kwamba Julai 2019 serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27. Vijana wa Tanzania tiketi ya kubeti huiita mkeka, na mchezo ukienda kombo husema mkeka umechanika. Mkeka tuliouzoea kuswalia na kulalia wageni umepata maana nyingine, nasi tumecheka bila kuitafakari.

Hesabu za wataalamu

Shirika la Afya Duniani linauhesabu uraibu wa kamari kuwa maradhi, na liliuweka katika orodha yake ya magonjwa pamoja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Kulisema hilo hakuondoi dhambi ya tendo. Mlevi wa pombe ana dhambi, na pia ana maradhi. Tunamwombea toba, na tunampeleka hospitali.

Mwaka 2018 watafiti wa Uswidi walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya 2,000 waliogunduliwa hospitalini kuwa na uraibu wa kamari. Vifo vya kujiua miongoni mwao vilikuwa mara 15 ya vile vya watu wengine nchini humo. Mwaka 2021 jarida la The Lancet Public Health lilichapisha utafiti juu ya vijana wa Uingereza wenye umri wa miaka 16 hadi 24. Wanaume vijana wenye tatizo la kamari walikuwa na uwezekano wa mara 9 zaidi wa kuwa wamejaribu kujiua katika mwaka uliotangulia, na wanawake karibu mara 5. Uhusiano huo haukutoweka hata watafiti walipozingatia wasiwasi wa nafsi na haraka ya tabia. Na mwezi Januari 2023 idara ya serikali inayoshughulikia afya ya umma ilikadiria kwamba, kwa England peke yake, vifo vya kujiua vinavyohusiana na kamari ni kati ya 117 na 496 kila mwaka.

Tuzisome hesabu hizi kwa uadilifu. Hazisemi kwamba kila mcheza kamari atafikia huko. Walio wengi hawafiki. Wala mtu hajiui kwa sababu moja tu: huzuni ya muda mrefu, pombe, upweke, ndoa kuvunjika, mambo haya hushikana mikono. Zinasema kwamba anayeshindwa kujizuia na kamari amesimama mahali pa hatari kubwa, na walio karibu naye wanapaswa kujua hivyo mapema.

Vituo vya njia hiyo

Kituo cha kwanza ni furaha. Mtu hushinda, au hukosa kidogo tu, na akili hukumbuka kukaribia kuliko kushindwa. Michezo hii imetengenezwa ili malipo yaje bila mpangilio, na moyo wa mwanadamu hufungwa zaidi na kisichotabirika kuliko kilicho na uhakika.

Kituo cha pili ni kufukuza hasara. Sasa hachezi ili apate; anacheza ili arudishe. Kila alichopoteza hukiona kama bado ni chake, kipo ndani ya simu, kinamsubiri.

Kituo cha tatu ni deni. Nchi hii ilipiga marufuku kutumia kadi ya mkopo kwa kamari mwezi Aprili 2020, kwa hiyo wengi hukopa kwingine: mikopo ya haraka, rafiki wa kazini, shemeji. Kwetu sisi kuna milango mingine ambayo hesabu za serikali haziioni. Kuna fedha za upatu, ambazo mtu mmoja amekabidhiwa kwa niaba ya wenzake kumi na wawili. Kuna fedha za kutumwa nyumbani: ada ya shule ya mdogo wake, dawa ya mama yake, nyumba inayojengwa kiwanja kwa kiwanja. Anayekula fedha hizi huwa amepoteza pia uso wake mbele ya watu wa bara mbili.

Kituo cha nne ni siri. Humwambia mkewe kwamba kazini wamechelewesha mshahara. Huiambia nyumbani kwamba benki ina matatizo. Simu huwekwa kifudifudi. Hukaa macho usiku, na mwili usiolala hauwezi kufikiri sawasawa. Kila uongo huhitaji mwingine wa kuulinda, mpaka anabaki peke yake ndani ya nyumba iliyojaa watu.

Kituo cha tano ni milango miwili. Mtu aliyefika hapa huona njia mbili tu za kutoka: ashinde mara moja ushindi mkubwa utakaofuta kila kitu kabla hajajulikana, au asiwepo tena. Mlango wa kwanza unapofungwa, usiku mmoja, baada ya hasara ya mwisho, hutazama wa pili. Hujiambia kwamba watoto wake watapata nafuu bila yeye. Hiyo ni kauli ya maradhi, wala si ya akili yake. Deni hubaki, na juu yake huongezeka msiba na swali ambalo watoto hubeba maisha yao yote.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Fedha iliyopotea hupatikana tena kwa kazi na muda. Siri ndiyo inayomnyima mtu mlango wa tatu, nao ni wa kusema.

Kisa cha kijana wa Sheffield

Lakini siri ya mchezaji si siri pekee. Mwaka 2017 kijana wa miaka 24 kutoka Sheffield, aliyekuwa mwalimu wa Kiingereza, alijiua mjini Hanoi, Vietnam. Kamari alianza akiwa mwanafunzi wa sekondari, kwa fedha za chakula cha mchana. Wazazi wake walijua kwamba anacheza, wakamsaidia na kumpenda. Wasilolijua ni kwamba kamari inaweza kuua. Uchunguzi rasmi wa kifo chake, uliohitimishwa Sheffield mwaka 2022, ulikubali kwamba kamari ilichangia kifo hicho, na kwamba maonyo, maelezo na matibabu yaliyokuwapo hayakutosha kabisa. Wazazi hao waliasisi shirika la Gambling with Lives mwaka 2018, linalozisaidia familia zilizofikwa na msiba kama wao.

Kisa hiki kinatufunza kwamba kujua haitoshi ikiwa hatujui tunachokiona. Tunapomwona kijana wetu anacheza, tunaona utovu wa nidhamu. Tunamkaripia, tunamlipia deni, tunadhani yamekwisha. Kumbe hatari ya kujiua inaweza kuwapo hata baada ya deni kulipwa, na hasa baada ya kurudia mchezo, kwa sababu aibu ya kurudia ni kubwa kuliko aibu ya kwanza.

Hukumu na rehema

Kujiua ni katika madhambi makubwa. Hilo hatulipunguzi, na hofu yake imewazuia wengi katika saa ngumu; alhamdulillahi kwa hofu hiyo. Lakini yapo mambo tumeyaongeza wenyewe. Zipo familia zinazoficha sababu ya kifo kwa kuogopa kwamba marehemu wao hataswaliwa. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) hakumswalia yeye mwenyewe mtu aliyejiua, na wanazuoni walio wengi, wakiwemo Imamu Malik, Imamu Abu Hanifa na Imamu Shafi, walilifahamu hilo kuwa ni onyo, wakasema Waislamu humswalia. Katika Sahihi Muslim kimo pia kisa cha Tufayl bin Amr na mwenzake aliyehajiri naye Madina, akaugua, akakosa subira, akajidhuru hata akafa. Tufayl akamwona ndotoni akiwa katika hali njema isipokuwa mikono yake, na Mtume alipoelezwa akamwombea msamaha hata kwa mikono hiyo. Kisa hiki hakimpi ruhusa yeyote. Kinatufunza sisi tuliobaki namna ya kuwa na ndimi za dua mbele ya wafiwa.

Jingine ni hofu ya polisi. Wengi wetu tumetoka katika nchi ambazo kujaribu kujiua kumekuwa kosa la jinai kwa sheria zilizoachwa na mkoloni. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Hapa Uingereza kosa hilo lilifutwa mwaka 1961. Anayepiga simu kuomba msaada hapigi simu ya kujishtaki.

Tufanye nini

Kwanza, tuulize. Ukimwona nduguye halali, anakopa bila maelezo, amechelewesha zamu yake ya upatu, amejitenga, au ameanza kukabidhi watoto wake kwa wengine kama msafiri anayeaga, mkalishe faraghani. Mwambie: "Kaka, naona umebadilika, nami nakupenda. Ni kamari?" Kisha uliza wazi: "Je, umefikia kuwaza kujiua?" Wataalamu wanakubaliana kwamba swali hili halimtii mtu wazo hilo, humfungulia mlango. Akisema ndiyo, usimhubirie saa hiyo. Msikilize, usimwache peke yake. Saa ya hatari kubwa mara nyingi hupita, na mwenzi wa kukesha naye ndiye humvusha.

Pili, tujue pa kupiga simu. Hatari ikiwa ya papo hapo, ni 999. Kwa dharura ya afya ya akili, ni 111, kisha uchague namba 2. Samaritans hupokea simu usiku na mchana kwa 116 123, bure. Simu ya taifa ya msaada wa kamari ni 0808 8020 133, nayo pia ni ya bure na saa zote. Hospitali za serikali zina kliniki za uraibu wa kamari, na ya West Midlands ipo Stoke-on-Trent. Mwombe daktari wako, na uombe mkalimani wa Kiswahili. Ni haki yako bila malipo. Tusiwafanye watoto wetu wakalimani wa jambo hili.

Tatu, tuweke vizuizi kati ya mtu na mchezo. GAMSTOP humfungia mtu tovuti zote zenye leseni ya hapa kwa miezi 6, mwaka 1 au miaka 5, kwa kujiandikisha mara moja. Benki nyingi huzuia kadi isilipe kamari ukiomba. Tovuti zisizo na leseni ya hapa, zikiwemo za nyumbani, haziguswi na GAMSTOP. Kwa hizo kuna programu za kuzuia ndani ya simu yenyewe.

Nne, deni. Dawa ya deni ni kulipa, na kulipa kunahitaji muda. Tangu Mei 2021 sheria inamruhusu mdaiwa, kupitia mshauri wa madeni, kupata siku 60 ambazo wadai wengi hawawezi kumsumbua wala kuongeza riba. Na aliye katika matibabu ya dharura ya afya ya akili hupewa muda wote wa matibabu hayo na siku 30 zaidi. National Debtline hutoa ushauri huo bure.

Tano, na hili ni la jumuiya nzima. Katika mwezi huu tunatoa zaka. Wenye madeni ni miongoni mwa makundi manane yaliyotajwa katika Surat At-Tawba, aya ya 60. Mtu atauliza: je, na aliyekopa kwa maasi? Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho pwani yetu imekisomesha vizazi kwa vizazi, alilipa nguvu jawabu kwamba hupewa akiwa ametubu. Basi mlango upo, na fiqhi ya mababu zetu ndiyo iliyouacha wazi. Tunapendekeza alipiwe mdai wake moja kwa moja, kwa idhini ya mwenye deni, ili fedha taslimu isiwe mtihani mwingine mkononi mwake. Na wenye upatu tunawausia: aliyekula fedha zenu akija kukiri kabla hajafumaniwa, mpangieni malipo, wala habari zake zisitoke kwenda Unguja, Mombasa wala kundi lolote la simu. Deni lake mtalipata kidogo kidogo. Akifa hamtalipata, na hamtampata yeye.

Na wewe unayesikiliza nasi huku moyo wako ukienda mbio kwa sababu unajijua, tunakwambia: hujatoka katika rehema. Usingoje ushindi ndipo uje. Njoo na mkeka uliochanika, njoo na deni, njoo baada ya Tarawehe watu watakapotawanyika, umwambie mmoja wetu neno moja tu: nisaidieni.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awakomboe waliofungwa na uraibu huu, awalipie madeni waliolemewa, awape subira wafiwa, awarehemu waliotangulia, na atujaalie tuwe sitara ya ndugu zetu. Amin, wal-hamdu lillahi Rabbil alamin.